Kufunga bila tarehe ya kufungua

Saa nne na nusu asubuhi ya Ijumaa, tarehe 13 Juni 2025, mwalimu mkuu wa shule wanayosoma wanangu hapa Silver Spring, Maryland, alitupanga wazazi kwenye korido, migongo ukutani, kulia na kushoto, tukaacha njia katikati kama watu wanaomsubiri bwana harusi. Mbele yetu walikaa sakafuni watoto wa chekechea, miguu wameikunja, vidole vimejaa rangi. Kisha mlango wa mwisho ukafunguliwa, darasa la tano likaanza kupita.

Katika kaunti yetu shule ya msingi huishia darasa la tano. Siku ya kufunga, wanaomaliza hupitishwa shule nzima huku kila mtu akiwapigia makofi. Hakuna mgeni rasmi wala risala, na hakuna mwenyekiti wa kamati ya shule anayeomba dakika mbili akachukua arobaini. Ni makofi tu, kutoka mlango wa kwanza mpaka wa mwisho, halafu watoto wanatokea uwanjani kwenye jua.

Binti yangu ana miaka 11. Alipita ameinua kidevu, amejifanya hanijui, mpaka alipofika usawa wangu akanigusa kiganja haraka haraka na kuendelea. Nilipiga makofi hadi mikono ikaniwasha, na machozi yakanitoka. Mama aliyesimama kando yangu akanipapasa bega, akaniambia nisijali, darasa la tano likiondoka akina mama wote hulia. Nikamkubalia. Sikumwambia kwamba makofi yale yalikuwa yamenirudisha kwenye makofi mengine.

Mwishoni mwa Februari nilisimama nje ya jengo la Ronald Reagan, barabara ya Pennsylvania, katikati ya jiji la Washington. Ndani ndiko yalikokuwa makao makuu ya USAID, shirika la maendeleo ya kimataifa la Marekani lililoanzishwa na Rais John Kennedy mwaka 1961. Jina lake lilikuwa limeshabanduliwa ukutani tangu mwanzoni mwa mwezi ule. Wafanyakazi walipewa dakika 15 kila mmoja waingie, wakusanye vitu vyao mezani, watoke. Wakawa wanatoka mmoja mmoja na maboksi: picha za watoto, vikombe, vinyago, kitenge kilichowahi kufunika kiti. Nje tulikusanyika watu wengi, wengine hata hawafahamiani nao, na kila aliyetoka tulimpigia makofi. Wamarekani wana jina moja kwa mambo yote mawili, la watoto wa darasa la tano na la watu wazima wale. Mimi ningeyaita kusindikizwa kwa makofi.

Tofauti ni kwamba watoto wanajua wanakokwenda.

Mimi si mtumishi wa serikali. Nimeajiriwa na taasisi isiyo ya kiserikali iliyokuwa ikitekeleza miradi ya afya Afrika Mashariki kwa fedha za USAID. Kazi yangu ni takwimu: vyandarua vilivyogawiwa, vipimo vya malaria, wajawazito waliofika kliniki mara nne na wasiofika. Ni kazi isiyo na makeke, na kwa miaka tisa nilidhani kutokuwa na makeke ndiyo kinga yake.

Tarehe 20 Januari rais mpya alisaini agizo la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Siku nne baadaye ikaja amri ya kusimamisha kazi, na wiki iliyofuata nikawa nyumbani, likizo bila malipo. Februari mradi wetu ukafutwa. Tarehe 10 Machi Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za shirika lile zimefutwa, yaani mikataba ipatayo 5,200. Siku chache baadaye tukaambiwa kwamba mradi wetu, uliofutwa, umefufuliwa, kwa hiyo tumo kwenye ile asilimia 17. Nikarudi kazini kwa nusu ya saa za kazi na nusu ya mshahara. Kisha tukaambiwa kwamba ifikapo tarehe 1 Julai kitakachobaki cha USAID kitahamia Wizara ya Mambo ya Nje. Kama sisi tutahama nacho, wapi na wangapi, halijasemwa. Barua niliyonayo inasema mkataba wangu ni hadi tarehe 30 Juni, na kwamba baada ya hapo itategemea upatikanaji wa fedha.

Nimeisoma barua ile mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma barua ya mchumba. Sijafukuzwa. Nikisema nimefukuzwa nitakuwa nimesema uongo, na nikisema nina kazi nitakuwa nimesema uongo pia.

Msomaji uliyesoma shule ya msingi Tanzania unaikumbuka karatasi ile ya ripoti, iliyochapwa kwa mashine na kutolewa nakala mpaka herufi zikafifia. Juu jina la mwanafunzi. Katikati masomo, alama, na nafasi: wa 14 kati ya 92. Chini maoni ya mwalimu wa darasa, ambaye kwa watoto wote 92 alikuwa na maoni matatu tu. Na chini kabisa, mstari ambao sisi watoto tuliusoma kwanza kabla ya alama: shule imefungwa leo tarehe fulani na itafunguliwa tarehe fulani, mwanafunzi aje na fagio la chelewa na jembe.

Mwezi wa sita mwaka 1994, mjini Tanga, nilipokea ripoti kama hiyo. Tulikuwa tumefyeka majani tangu alfajiri, tumepiga deki madarasa, tumesimama mstarini juani huku mwalimu mkuu akisoma kumi bora. Nilipotoka nje ya uzio nikamkuta baba amesimama na baiskeli yake chini ya mwarobaini, bado ana ovaroli ya kiwandani. Nilishangaa, kwa sababu saa sita mchana baba hakuwa mtu wa kuonekana popote isipokuwa kazini. Alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha umma, na miaka ile viwanda vya umma vilikuwa vikirekebishwa, vikibinafsishwa, vingine vikifungwa moja kwa moja. Watu walikuwa na neno lao kwa hayo yote: kupunguzwa. Fulani amepunguzwa. Utadhani mtu ni suruali.

Baba hakuambiwa amepunguzwa. Aliambiwa akae nyumbani, ataitwa.

Likizo ile ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Baba alikuwa nyumbani! Alitupeleka kuogelea baharini Raskazone siku za Jumanne na Jumatano, siku ambazo hakuna mtoto mwingine wa mtaa wetu aliyekuwa na baba mchana. Alitufundisha bao. Alitengeneza kitanda kilichokuwa kinalia tangu nizaliwe. Shule ilipofunguliwa tarehe iliyoandikwa, nikaenda na fagio langu, yeye akabaki. Kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka mmoja aliamka saa kumi na moja, akaoga, akavaa, akakaa barazani. Kiinua mgongo kilikuja kwa vipande, kipande kimoja wakati mimi niko kidato cha pili. Na baba alijihesabu kuwa mwenye bahati, maana Tanzania ina wazee waliotumikia Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, ambao miaka ya 2000 walikuwa bado wanaandamana Dar es Salaam kudai mafao yao.

Nilimkumbusha mama kwa simu, juu ya ile likizo na bahari. Akacheka kwanza. Kisha akasema, “Mwanangu, mlikula mihogo mwezi mzima mkadhani ni raha ya likizo.”

Sasa nieleze kwa nini siku ya kufunga shule huku Marekani ni siku ya kumtia mzazi jasho hata kama ana kazi ya uhakika, maana ndugu zangu nyumbani hunipongeza kila Juni kana kwamba mimi ndiye ninayepumzika.

Likizo ya kiangazi ni wiki kumi na kitu. Sheria ya Maryland inataka shule zifunguliwe siku 180 kwa mwaka. Zikishatimia, na zikiongezwa zile zilizoliwa na theluji ya Januari, milango hufungwa kuanzia katikati ya Juni mpaka mwishoni mwa Agosti. Watu watakuambia desturi hii ilitokana na kilimo, eti watoto walihitajika shambani. Ni hadithi tu. Mkulima humhitaji mtoto wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, na shule nyingi za vijijini za karne ya 19 zilifungwa masika na vuli, zikasomesha kiangazi na kipupwe. Mijini ndiko kulikokuwa na joto, madarasa yasiyo na hewa, na familia zenye uwezo zilizokimbilia milimani na pwani. Waliopanga kalenda waliwafuata wale. Kwa hiyo mimi binti wa mfanyakazi wa kiwanda cha Tanga nasumbuliwa na likizo ya matajiri wa New York waliokufa zamani.

Wiki hizo kumi watoto watakaa na nani? Bibi yuko Tanga. Mume wangu ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, mchana analala. Na hapa Maryland sheria iko wazi: mtoto aliye chini ya miaka minane hairuhusiwi kumwacha peke yake, ndani ya nyumba wala ndani ya gari, na anayemwangalia lazima awe na miaka 13 au zaidi. Kitinda mimba wangu ana miaka saba. Dada yake, kama nilivyosema, ana 11. Mimi mwenyewe nikiwa na miaka tisa nilikuwa nabeba mdogo wangu mgongoni huku nasonga ugali, lakini hilo huwezi kumweleza ofisa wa ustawi wa jamii wa kaunti.

Basi wazazi huandikisha watoto kwenye kambi. Usifikirie mahema. Kambi ni mahali pa kuwaweka watoto kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni: kuogelea, kuchora, mpira, kuunda roboti kwa wenye nazo. Zile nafuu za kaunti hujaa upesi, siku ileile ya kuandikisha. Na uandikishaji ni mapema, wakati kuna theluji nje na hakuna anayewaza jua. Mimi niliandikisha wiki ya pili ya Januari. Wiki saba, watoto wawili, dola 340 kwa wiki kwa kila mmoja. Jumla dola 4,760. Kianzio dola 75 kwa kila wiki ya kila mtoto, ambacho hakirudi; nikalipa dola 1,050 na kuona nimefanya jambo la maana. Rais aliapishwa siku chache baadaye.

Salio ni dola 3,710, na mwisho wa kulipa ni Jumatano ijayo.

Hapo ndipo hesabu inapogoma, na miye ni mtu wa hesabu. Kama tarehe 1 Julai nitakuwa na kazi, nahitaji kambi. Kama sitakuwa na kazi, nitakuwa nyumbani, kambi ya nini? Nifute. Lakini nikifuta halafu kazi ikarudi, nafasi nyingine haipatikani mwezi wa saba kwa bei yoyote ninayoiweza. Na kuna jambo jingine ambalo sikulijua mpaka niliposoma masharti ya mafao ya kukosa kazi. Maryland humlipa aliyepoteza kazi hadi dola 430 kwa wiki, kwa muda usiozidi wiki 26. Kodi yetu ya nyumba pekee ni dola 2,150 kwa mwezi. Si haba, ni bora kuliko kipande cha kiinua mgongo cha baba. Ila sharti ni kwamba uwe unaweza kufanya kazi, uko tayari kuanza, na unatafuta kwa vitendo, kila wiki. Mtu mwenye mtoto wa miaka saba nyumbani asiye na pa kumwacha, je, yuko tayari kuanza kazi Jumatatu? Kwa hiyo ili nihesabiwe kuwa natafuta kazi, nilipie kambi kwa pesa ambazo sina kwa sababu sina kazi.

Niliieleza familia yangu fumbo hili mezani. Mume wangu akasema lala kwanza. Ni ushauri wa mtu wa zamu ya usiku.

Bima ya afya ndiyo inayonikosesha usingizi kuliko yote. Ya familia nzima iko chini ya jina langu. Mume wangu kazi yake ni ya wakala, bima hakuna. Ukiondoka kazini sheria inakuruhusu kubaki na bima ileile hadi miezi 18, ila ulipe mwenyewe gharama yote, pamoja na sehemu aliyokuwa akilipa mwajiri, na asilimia mbili juu yake za usumbufu. Kwetu inafika dola 2,100 kwa mwezi. Mtoto wangu mdogo ana pumu. Sitaendelea na hesabu hiyo hapa.

Jirani yetu wa ghorofa ya pili, mama wa Kihabeshi aliyepita njia hii zaidi yangu, ndiye aliyenifungua macho kwa mengine. Alinionyesha orodha ya maeneo ambako kiangazi chote mtoto yeyote wa miaka 18 kushuka chini hula chakula cha mchana bure, bila kuulizwa jina. Akaniambia pia kuhusu dola 120 kwa kila mtoto ambazo familia zenye kipato kidogo hupewa za chakula cha miezi ya likizo, kwa kuwa shule ikifungwa na chakula cha shule kimefungwa. Nilimjibu kwamba sisi hatujafikia huko. Alinitazama kwa upole akanimiminia kahawa nyingine. Usiku nikafungua kompyuta, nikasoma masharti.

Nirudi shuleni.

Baada ya makofi kulikuwa na bisi na juisi uwanjani, na watoto wakatiliana saini kwenye vitabu vya picha za mwaka. Ni desturi tamu: kila mmoja anazunguka na kalamu, anamwandikia mwenzake neno. Wengi huandika maneno yaleyale, uwe na kiangazi kizuri, tutaonana Agosti. Katika darasa la binti yangu nawajua wazazi wanne waliokumbwa na upepo huu wa Washington. Mmoja, baba wa kijana ambaye binti yangu amekaa naye dawati moja miaka mitatu, alikuwa mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka 20. Januari watumishi wa serikali kuu walitumiwa barua pepe ya kuwataka wajiuzulu kwa hiari huku wakilipwa mpaka Septemba, na Februari kiasi cha watu 75,000 walikuwa wamekubali. Yeye alikuwa mmojawapo. Nyumba imeuzwa, wanahamia Ohio kwa wazazi wa mkewe. Kijana yule hakuandika tutaonana Agosti. Aliandika namba ya simu, na chini yake mchoro wa papa.

Binti yangu alinionyesha ule mchoro ndani ya gari, hakusema kitu. Yeye anajua kila kitu. Aprili nilimkuta amejiondoa mwenyewe kwenye darasa la fidla la Jumamosi. Alimwandikia mwalimu kwa anwani yangu ya barua pepe kwamba familia itakuwa na shughuli nyingine. Barua ilikuwa na adabu kuliko ambayo ningeandika mimi.

Mdogo wake hajui, au anajua kwa namna yake. Alitoka na begi zito kuliko yeye: vipande vya krayoni, daftari la tahajia lililojaa nusu, nanasi la karatasi, mbegu ya maharage iliyoota ndani ya kikombe na kufa. Kwenye meza ya vitu vilivyopotea tulikuta masweta yake mawili na chupa ya maji ambayo mwezi Machi nilimgombeza mpaka akalia akisema hakuipoteza. Kweli, hakuipoteza. Ilikuwa imekaa pale siku zote.

Mwalimu msaidizi wa darasa lake alitusindikiza mpaka langoni. Nikamshukuru, nikamwambia tutaonana mwezi wa nane. Akatabasamu. Akasema anatumaini hivyo, bado hajathibitishiwa nafasi. Fedha za serikali kuu zilizomwagwa mashuleni wakati wa Korona, kama dola bilioni 190, zilikwisha muda wake Septemba 2024, na shule nyingi nchini zilikuwa zimeajiri watu kwa fedha hizo. Kama nafasi yake ilitokana na fungu lile, sikuuliza. Nilikuwa nimesimama pale mwaka mzima nikidhani kwamba kwenye lango lile mimi ndiye mwenye mashaka na yeye ndiye mwenye kazi.

Kuna wenye hali mbaya kuliko yangu, na wengine ni wa ofisini kwangu. Mwenzangu mmoja yuko hapa kwa viza ya kazi. Sheria inampa siku 60 tangu kazi iishe. Zikipita hajapata mwajiri mwingine au njia nyingine ya kisheria, yeye, mkewe na mtoto wao aliyezaliwa hapa wafunge virago. Kwake kiangazi hiki kina siku 60, basi.

Na wengine wako huko mliko. Wiki ileile ya Januari tuliyoambiwa tusimamishe kazi, wenzetu wa mradi Tanzania walipokea ujumbe huohuo: maofisa takwimu, madereva, washauri nasaha, waelimisha rika, wahudumu wa afya wa jamii waliokuwa wakilipwa posho kupita nyumba kwa nyumba. Wao hawana dola 430 kwa wiki. Mmoja wao, dada wa Muheza ambaye kwa miaka sita tumekuwa tukisahihishana majedwali kwenye simu, nilimpigia Machi kumwambia kwamba tumefufuliwa. Akanyamaza kidogo. Akaniambia, “Dada, huku mmechelewa. Sisi tulishafunga.” Ameuza friji, amefungua genge la nyanya na vitunguu. Takwimu zake ndizo zilizokuwa safi kuliko zote nilizowahi kupokea kutoka wilaya yoyote.

Ada ya mtoto wa marehemu kaka yangu, aliye kidato cha tatu, hutoka kwangu. Ya Julai nimeshaituma, nimeituma mapema kabla sijaanza kuitazama vibaya.

Jioni ya siku ya kufunga tulikwenda kwenye bwawa la kuogelea la mtaa. Gari la aiskrimu lilipita na kengele yake. Nikanunua tatu, mimi nikasema sina hamu. Giza lilipoingia vimulimuli wakaanza kuwaka juu ya majani, ambao huku huonekana wiki chache tu za Juni na Julai, na mdogo akawakimbiza na kikombe kilekile cha maharage. Nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikagundua kwamba kwa saa nzima sikuwa nimefungua simu kutazama barua pepe za ofisini. Nikaifungua. Hapakuwa na kitu.

Kabla ya kulala mdogo aliniuliza shule itafunguliwa lini. Nikamtajia tarehe. Akauliza, “Na wewe?”

Ripoti za huku hazina ule mstari wa chini. Kalenda hutumwa kwa barua pepe. Nilichukua karatasi nikawaandikia wote wawili, kwa Kiswahili, kwa kalamu ya wino, kama alivyoandika mwalimu wangu wa darasa, nikabandika kwenye mlango wa friji: Shule imefungwa tarehe 13 Juni 2025 na itafunguliwa tarehe 26 Agosti 2025. Mdogo akataka iongezwe sehemu ya vitu vya kuja navyo. Tukaandika fagio la chelewa. Hajawahi kuliona.

Naandika haya Jumamosi, tarehe 14 Juni. Mjini kuna gwaride la vifaru, jeshi la nchi kavu la Marekani linatimiza miaka 250 siku ambayo rais naye anatimiza 79. Mume wangu amelala, watoto wanatazama katuni, na asubuhi nimewaandikia watu wa kambi. Nimefuta wiki tano kwa watoto wote wawili, nimebakiza mbili za mwanzo, zinazonifikisha mwisho wa mkataba na siku chache mbele yake. Kianzio cha wiki nilizofuta, dola 750, hakirudi. Zinazobaki ni dola 1,060, na nitazilipa Jumatano.